Bunduki, Urafiki na Wajibu wa Kulindana

Kwa wengi wetu tuishio mipakani, bunduki haijawahi kuwa jambo la kuwakutanisha watu kwa heri. Mlio wake usiku humaanisha kwamba mifugo imeporwa, gari limetekwa njiani, au kijana wa jirani hatarejea nyumbani. Mtu akituambia kuwa marafiki zake wa dhati aliwapata kwa sababu ya bunduki, tutamtazama kwa mashaka. Hata hivyo, watu wa namna hiyo wapo, nao si wahalifu. Makala haya yanaeleza habari zao kwa sababu moja: baada ya msiba, walijifunza jambo kuhusu wajibu wa rafiki, na jambo hilo linatuhusu sisi pia.

Nchini Marekani, karibu theluthi moja ya watu wazima humiliki bunduki. Wapo waitumiao kuwinda, wapo waiwekao kwa kujilinda, na wapo waipendao kama mwingine apendavyo saa za kale au baiskeli za mashindano. Hao wa mwisho huandikiana kwa miaka: huyu akieleza jinsi alivyokitengeneza kitako kilichopasuka cha bunduki ya babu yake, yule akiuliza asili ya alama iliyochorwa kwenye mtutu. Siku moja hukutana katika uwanja wa kulenga shabaha na kusalimiana kama watu wa mtaa mmoja. Kufikia saa ya chakula, mazungumzo yamekwisha kuhama kutoka kwenye bunduki: sasa ni ada ya mtoto, ugonjwa wa mke, na kazi iliyopotea. Bunduki ilifungua mlango tu. Kinachowaunganisha ni kusikilizana.

Urafiki huo una sheria zake. Zilizo maarufu zaidi ni kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marekani na mwalimu wa ulengaji shabaha. Ya kwanza, ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Ya pili, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukiangamiza. Ya tatu, usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka uwe umelenga shabaha yako. Ya nne, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Uwanjani kuna desturi nyingine inayostahili kuzingatiwa. Mtu yeyote aonaye hatari, hata akiwa mgeni wa siku hiyo, ana haki ya kupaza sauti na kuwasimamisha wote, na wote husimama. Hakuna anayesema, “Huyu ni mdogo kwangu.” Kukemewa na mwenzako mahali hapo si kudharauliwa, ni kulindwa.

Lakini kwa muda mrefu kulikuwa na hatari moja ambayo marafiki hao hawakuizungumza. Zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na bunduki nchini Marekani si vya mauaji wala ajali, bali ni vya watu waliojitoa uhai wenyewe. Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja, katika muda usiofika juma moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka alikuwa amefuata sheria. Hata hivyo, hakuridhika kusema kwamba sheria imetimizwa na kwamba yeye hana la kufanya.

Ndipo wauza bunduki, wapenzi wa ulengaji shabaha na wataalamu wa afya ya jamii, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Harvard na Dartmouth, walipoketi pamoja. Makundi hayo hayakuwa na mazoea ya kuaminiana. Kila upande uliweka kando ubishi wake juu ya sheria za silaha, wakajiuliza swali moja: tutamwokoaje mwenzetu? Waliandaa mabango na vipeperushi vya kuwasaidia wauzaji kumtambua mnunuzi aliyekata tamaa, kwa mfano mtu asiyeijua bunduki, asiyetaka kujifunza kuitunza, na aliyetoka kupatwa na pigo kama talaka au kufukuzwa kazi. Kwa wamiliki, waliongeza kanuni ya kumi na moja juu ya kanuni kumi za usalama zilizozoeleka: ndugu au rafiki akielemewa na huzuni, bunduki iondolewe nyumbani kwake mpaka apate nafuu. Karibu nusu ya maduka ya silaha ya jimbo hilo yalikubali kuusambaza ujumbe huo, na majimbo mengine yakauiga mfano.

Msingi wa kanuni hiyo ni rahisi. Mara nyingi uamuzi wa kujiua huja kama dhoruba: huwa mkali, kisha hupita. Jaribio la kujiua kwa bunduki huishia katika kifo karibu mara tisa kati ya kumi, kwa hiyo halimwachii mtu nafasi ya kujuta. Kwa upande mwingine, katika kila watu kumi walionusurika baada ya jaribio, takribani tisa hawafi kwa kujiua baadaye. Anayemtenga mwenzake na silaha kwa siku chache humpa muda, na muda huo waweza kuwa ndio uhai wenyewe. Ni kama kumnyang'anya rafiki mlevi ufunguo wa gari: kesho atakasirika, lakini kesho atakuwepo.

Ndugu msomaji, mazingira yetu si kama yao. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali kudhibiti umiliki wa silaha, kuzitia alama, na kuwazuia raia kumiliki bunduki za kivita. Leseni hutolewa kwa mtu mmoja na kwa silaha iliyotajwa. Kwa hiyo, kule rafiki aweza kusema, “Nipe nikuwekee,” ilhali kwetu kumtunzia mwenzako bunduki bila kibali chaweza kuwa kosa, hata kama nia ni njema.

Hilo halituondolei wajibu. Ukimwona mwenye silaha, awe raia mwenye leseni, mlinzi wa kampuni au askari, amejitenga, amezidisha ulevi, anagawa mali yake au anaaga kana kwamba anasafiri, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mdaku. Muulize kwa upole na bila kuzunguka kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aghalabu humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, tafuta msaada wa kituo cha afya, na zungumza na polisi au mkuu wake wa kazi ili silaha ihifadhiwe ghalani kwa muda. Usijaribu kumpokonya kwa nguvu.

Na kama nyumbani kuna silaha isiyo na kibali, iliyosalia tangu nyakati za vita au iliyofichwa kwa hofu ya wezi, usiibebe barabarani kuipeleka kituoni. Tuma habari kwanza, kupitia mzee wa mtaa, kiongozi wa dini au ofisa wa polisi jamii, ili upewe maelekezo ya kuikabidhi kwa usalama. Silaha iliyofichwa kwa ajili ya adui ndiyo hiyo hiyo itakayookotwa na mtoto mchezoni, au kushikwa na baba usiku wa kukata tamaa.

Marafiki wale wa New Hampshire hawakuacha kuipenda bunduki. Walichokataa ni kuipenda kuliko wanavyopendana. Sisi tunaogawana soko, kisima na njia ya mpakani tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mara nyingine kufaana kwenyewe ni kuthubutu kumwambia mwenzako, “Ndugu yangu, leo weka chini hiyo silaha, tuzungumze.”