Kutoka Tanya Hadi Zora: Sarah Hassan na Siri ya Kumiliki Sinema Yako

Kama uko Utange, Kiembeni ama Mtopanga, huyu dada unamjua hata kama jina limekutoroka. Ukisikia "Tanya" unaona sare ya shule na Tahidi High. Ukisikia "Zora" unamkumbuka mamako jioni, rimoti mkononi, hataki mtu apite mbele ya TV. Ni mtu mmoja: Sarah Hassan, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, 1988.

Mbona namwandika leo? Juzi kwa baze yetu hapa Utange, dogo mmoja alitangaza anapanda basi kwenda Nairobi kuwa aktari. Tukamuuliza mpango ni gani. Akajibu, "Nitaonekana tu." Wasee wakacheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nilishawahi kuamini hivyo. Kwa hivyo kaa chini nikupigie hii stori polepole. Sarah alionekana mapema sana, na wengi walioonekana naye wakati huo leo huwezi kuwataja majina. Kilichomtofautisha kilikuja baadaye.

Kwanza, Tahidi High

Kama ulizaliwa juzi, Tahidi High ilikuwa tamthilia ya Citizen TV kuhusu maisha ya wanafunzi wa sekondari, na ilitoa masupastaa wengi kuliko shule yoyote ya uigizaji hapa Kenya. Sarah akaingia kama Tanya, yule msupa wa shule ambaye kila boy alikuwa anamsaka. Nchi nzima ikamjua.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Sura kwa TV si mshahara wa maisha. Mwigizaji wa tamthilia kwa kawaida hulipwa kwa siku aliyoshuti ama kwa episodi aliyotokea. Kama wiki hii mhusika wako hayuko kwa skripti, wiki hii huna ganji. Mwandishi akiamua mhusika wako amehamia shule ingine, umehama kweli. Mtaani bado wanakuita jina la kwa TV, makanga anataka selfie na wewe, na nauli bado anaidai.

Pili, akashika maikrofoni

Sarah hakubaki kwa uigizaji peke yake. Akawa mtangazaji wa The Wedding Show, kipindi cha harusi: maharusi, nguo, keki, mapambo, na yeye katikati akihoji watu. Unaweza kudhani kuigiza na kutangaza ni kitu kimoja kwa sababu zote ni kamera. Si hivyo. Mwigizaji hupewa maneno, tena akikosea kuna "rudia". Mtangazaji anakaa na bibi harusi anayelia na bwana harusi mwenye aibu, na lazima atoe stori hapo hapo. Unajifunza kusikiza watu na kujaza kimya bila kubabaika. Kubwa zaidi, watu wanaanza kukujua kwa jina lako mwenyewe, si la mhusika.

Huu mchezo India wanaujua kitambo. Mcheki Mandira Bedi. Alianza na tamthilia ya Shanti mwaka wa 1994, mwaka uliofuata akaonekana kwa Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile sinema ya Shah Rukh Khan na Kajol ambayo shangazi zetu wameicheki hadi wanajua kila kilio kinakuja dakika ya ngapi. Halafu 2003 akatokea kama mtangazaji wa Kombe la Dunia la kriketi kwa TV. Watu wakachambua nguo zake kuliko maswali yake: dem wa sinema anajua nini kuhusu kriketi? Kombe la 2007 lilipofika, alikuwa bado yuko hapo na maikrofoni yake. Funzo ni lilelile. Mwigizaji mwenye maikrofoni ana mlango wa pili, na mlango wa kwanza ukifungwa halali njaa.

Tatu, shule

Hapa naandika nikijikuna kichwa, maana mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo sina ubavu wa kukuhubiria. Lakini ukweli ni ukweli. Sarah alisomea takwimu chuo kikuu cha JKUAT, na akamaliza. Ndio, zile hesabu za kukufanya utokwe na jasho Julai. Baadaye, akiwa tayari ni jina kubwa Kenya, akaenda Los Angeles kusomea uigizaji kwenye New York Film Academy.

Hebu fikiria hiyo. Nyumbani ukipita watu wanageuka. Kule hakuna anayejua Tanya ni nani, unakaa kwa dawati kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wengi wetu tukipata wafuasi elfu tano tu tunaanza kukataa kuelekezwa.

Nne, Plan B

Hii ndiyo sehemu nataka yule dogo wa baze aisome mara mbili. Mwaka wa 2019 ikatoka Plan B, sinema ya mapenzi na vichekesho: dada wa Nairobi anapata ujauzito wa Mnaijeria waliyekutana usiku mmoja tu. Aliyeiongoza ni Mnaijeria Dolapo Adeleke, wengi humwita LowlaDee. Sarah aliigiza kama mhusika mkuu pamoja na Daniel Etim Effiong wa Nigeria. Lakini jina lake lilikuwa pia mahali pengine: kwa maprodyuza.

Tofauti ni gani? Aktari akimaliza kushuti analipwa, anaenda nyumbani, na stori yake na ile sinema mara nyingi inaishia hapo. Prodyuza ndiye anatafuta pesa, anaajiri watu, anapanga siku za kushuti, analipa hata wa kupika. Ikianguka, inamwangukia yeye. Lakini ikisimama, mwenye sinema anaweza kuuza haki za kuionyesha kwa TV, kesho aiuze nchi nyingine, mwaka ujao aiuze mtandaoni. Ni kama tofauti ya dereva wa matatu na mwenye matatu. Wote wanaingia barabarani, ila jioni hesabu inaenda kwa mmoja.

Mwaka wa 2020 kule Lagos, Plan B ikachukua tuzo ya sinema bora ya Afrika Mashariki kwa AMVCA. Mwaka wa 2021 Sarah na LowlaDee wakarudi pamoja na Just in Time, na hiyo ikaingia Netflix. Mwaka huo huo tukamwona akiwa mpelelezi Makena kwa Crime and Justice ya Showmax, na tena kwa Citizen kama Zora, mama anayepambana kutoka kwa ndoa ya mateso. Kutoka msichana wa sare hadi mama wa watoto, na watu wakaamini zote mbili.

Na ukicheki nyuma ya Zora utaona nini? Kampuni iliyotengeneza ni Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, wanandoa ambao wewe umezoea kuwaona wakisoma habari. Hao pia wangeweza kusoma habari tu na kwenda kulala. Badala yake wakatengeneza Maria, Zora, halafu Sultana, ambayo stori yake ni ya huku kwetu Pwani.

Sasa wewe wa Utange

Nikwambie yangu. Nilipoacha chuo, nilisikia kuna odisheni mahali, kiingilio shilingi mia saba. Nilikopa. Tulijaza fomu, tukapigwa picha, tukaambiwa tungoje simu. Hiyo simu nangoja hadi leo. Kwa hivyo shika hii bila malipo: odisheni ya ukweli haikuuzii nafasi. Mtu anatafuta waigizaji, wewe ndiye wa kulipwa. Ukiitishwa pesa mlangoni, geuka, kanunue mahamri na mbaazi, utakuwa umefaidika zaidi.

Pili, usingoje simu. Nyinyi ni wanne kwa baze: mmoja ana simu yenye kamera fiti, mmoja anajua kuandika, mmoja ana mdomo, mmoja anajua hesabu. Huyo wa hesabu msimdharau, ndiye prodyuza wenu. Anzeni na stori ya dakika tano ya hapa mtaani. Na kabla hamjashuti, andikeni kwa karatasi hiyo kazi ni ya nani na pesa ikija inagawanywa vipi, msije mkashikana mashati.

Yule dogo bado anapanda basi Jumamosi. Sikumkataza. Nilimuuliza swali moja tu: ukishaonekana, halafu? Alinyamaza hadi chai ikapoa. Akinijibu kabla ya Jumamosi, nauli nitamchangia.