Hesabu gharama kabla ya kununua

Soma: Luka 14:28-30



Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, ahesabu. Vivyo hivyo mhubiri anayetaka programu ya kujifunza Biblia, hasa ikiwa dolari zitatoka katika sadaka.

Programu hizi zina faida. Logos, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1992, ni maktaba nzima ndani ya kompyuta. Ukitafuta neno kama "neema", inakuonyesha mahali pote lilipo, neno lake la Kigiriki, na maelezo ya walimu wengi. Kazi ya siku nzima inaisha kwa dakika chache.

Lakini unalipia nini?

1. Vitabu vya zamani. Kitabu cha Strong cha kutafutia maneno ya Biblia ni cha mwaka 1890. Maelezo ya Matthew Henry yana miaka 300. Hivyo viko bure katika e-Sword ya kompyuta na MySword ya telefone. Unapakua mara moja, kisha unasoma bila intaneti.

2. Lugha. Vitabu vingi vya kulipia viko kwa Kiingereza. Asiyekisoma amenunua sanduku asilo na ufunguo wake.

3. Malipo ya kila mwezi. Ukiacha kulipa, vile ulivyokodi vinafungwa. Ongeza mega na umeme wa kuchaji.

Basi anunue nani? Mwalimu wa shule ya Biblia anayesoma Kiingereza na kufundisha wengine, fedha yake haitapotea. Wengine tuanze na za bure. Tukizitumia mwaka mzima na kuona pengo la kweli, wazee waketi pamoja na mtunza hazina, waamue mbele ya kanisa.

Na nakala zinazopitishwa kwa flashi bila ruhusa ya mwenyewe? Ndugu, huo ni wizi. Hatuwezi kuandaa mahubiri juu ya amri ya nane kwa chombo cha kuiba, tena za bure zikiwapo.

Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza ya Katanga, kati ya Waluba, wakiwa na Biblia na maombi. Programu inatafuta maneno upesi. Kupiga magoti ni kazi yetu.