Ufundishaji wa Viwakilishi Vioneshi vya Kiingereza katika Shule za Msingi Mkoani Dodoma: Nafasi ya Vioneshi vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiingereza kina vioneshi vinne vya msingi: “this”, “that”, “these” na “those”. Kiswahili, kikihesabiwa kwa ngeli zake zote, za mahali zikiwemo, na kwa hatua zake tatu za ukaribu, kina maumbo 36 yanayotofautiana. Kwa hesabu hiyo ingetarajiwa kwamba mtoto aliyekwisha kumudu maumbo 36 asisumbuliwe na manne. Hata hivyo, sentensi kama “this books”, “these pen” na “these water” ni za aina inayofahamika vyema kwa walimu wa Kiingereza, na si katika madarasa ya chini pekee.

Makala haya yanafafanua chanzo cha makosa ya aina hiyo na namna ya kuyashughulikia katika mazingira ya shule za msingi za serikali mkoani Dodoma, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia na Kiingereza ni somo. Suala lenyewe linaweza kuonekana dogo. Uzito wake hudhihirika mwanafunzi anapoingia Kidato cha Kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Katika vitabu vya Baiolojia na Historia, vioneshi havionyeshi tena vitu vilivyo mezani, bali huunganisha sentensi na sentensi. Msomaji asiyejua “this” inarejelea nini hupoteza aya nzima, ingawa kila neno la aya hiyo analifahamu.

2.0 Vioneshi vya lugha mbili

Kiingereza hugawa mahali katika sehemu mbili: palipo karibu na msemaji na pasipo karibu naye. Kiswahili hugawa katika sehemu tatu. “Hiki” ni kilicho karibu na msemaji. “Hicho” ni kilicho karibu na msikilizaji, au kilichokwisha kutajwa. “Kile” ni kilicho mbali na wote wawili. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliihusisha “-o” ya umbo la kati na urejeshi. (Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na hatua ya tatu, “yon”, ambayo bado husikika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, mgawanyo wa sehemu tatu si ajabu ya Kibantu.)

Mazoea ya kufundisha kwa tafsiri huliacha nje umbo la kati. Ubaoni huandikwa kwamba “this” ni “hiki” na “that” ni “kile”, na “hicho” halitajwi. Mwanafunzi anayetaka kusema juu ya kitabu kilicho mkononi mwa mwenzake aliyeketi naye dawati moja hana neno alilopewa. Kitabu hakiko mbali, kwa hiyo “kile” hakifai, anachagua “this”. Kwa sarufi ya Kiingereza amekosea, lakini kwa mantiki ya alichofundishwa amechagua sawasawa.

Tofauti ya pili, iliyo nzito zaidi, inahusu idadi. Katika Kiingereza, kuchagua baina ya “this” na “these” hutegemea umoja na wingi tu. Katika Kiswahili huamuliwa na ngeli, na ngeli hailingani na idadi kwa njia iliyonyooka. Umbo “hii” ni mfano ulio wazi. Husemwa “kalamu hii”, kwa umoja, na pia “miti hii”, kwa wingi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “hii” ni “this” hana sababu ya kutosema “this trees”. “Ile” na “hiyo” zina mtego huohuo.

Nomino za ngeli ya I-/ZI- huleta kosa la upande wa pili. Katika “kalamu hii” na “kalamu hizi” nomino haibadiliki. Wingi hubebwa na kioneshi peke yake. Mwanafunzi akihamisha mpangilio huo kwenye Kiingereza atasema “these pen”, akiamini kwamba “these” imekwisha kufanya kazi ya wingi. Ikumbukwe kwamba vifaa vingi anavyovishika kila siku darasani, yaani kalamu, penseli, rula, picha na chaki, vimo katika ngeli hiyo, na ndivyo mwalimu huviinua kwanza anapoanza somo.

Yapo pia maneno ambayo idadi yake ya kisarufi hugongana katika lugha hizi mbili. Maji, maziwa na mafuta huchukua upatanisho wa wingi katika Kiswahili: “maji haya”. Kiingereza huyahesabu kuwa umoja: “this water”. Habari na nywele hufuata mkondo huo: “habari hizi” ni “this news”, na “nywele hizi” ni “this hair”. Kwa upande mwingine, suruali, mkasi na miwani iliyo moja ni umoja kwa Kiswahili, ilhali Kiingereza husema “these trousers”, “these scissors”, “these glasses”. Hapa tafsiri haimsaidii mwanafunzi hata kidogo. Kila neno linahitaji kufundishwa pamoja na kioneshi chake.

Kuhusu nafasi ya kioneshi katika sentensi hakuna mengi ya kusema. Kiswahili huruhusu “kitabu hiki” na “hiki kitabu”. Kiingereza huruhusu mpangilio mmoja tu. Kosa la “book this” hurekebishika mapema. Linalodumu ni matumizi ya “that” mahali pa “the” katika masimulizi, kwa kuwa “yule mzee” wa hadithi za Kiswahili mara nyingi si mzee aliye mbali, bali ni yule aliyekwisha kutajwa.

Si watoto wote wa Dodoma wanaoanza na Kiswahili. Wapo wanaokuja shuleni na Kigogo au Kirangi, lugha za Kibantu zenye ngeli na upatanisho. Kwao maelezo ya hapo juu kuhusu ngeli yana nafasi, ingawa maumbo ni tofauti. Katika maeneo ya Kondoa na Chemba wapo wanaozungumza Kisandawe, lugha yenye vidoko, na Kiburunge, ya jamii ya Kikushi. Mwalimu wa huko asichukulie kwamba kila kosa limetokana na Kiswahili.

3.0 Kuitikia kwa pamoja na kupotea kwa mahali

Maana ya kioneshi hutegemea anayesema yuko wapi. Sifa hii ndiyo inayofutwa na zoezi lililozoeleka kuliko yote. Mwalimu husimama mbele, huinua kalamu na kusema: “This is a pen.” Darasa zima huitikia: “This is a pen.” Kwa mwalimu sentensi ni sahihi. Kwa mwanafunzi wa dawati la nyuma, aliye hatua kadhaa kutoka kwenye kalamu hiyo, si sahihi. Yeye alipaswa kusema “that”. Anafundishwa kusema neno la ukaribu juu ya kitu kilicho mbali naye, na anasifiwa kwa kufanya hivyo.

Mtoto huyohuyo akiulizwa kwa Kiswahili, “Hii ni nini?”, hajibu “Hii ni kalamu.” Hujibu “Hiyo ni kalamu”, au “Ni kalamu” tu. Sarufi yake imekwisha kugeuza mtazamo kutoka kwa muulizaji kwenda kwa mjibuji bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo si kweli kwamba ujuzi huo anaupata kwa mara ya kwanza katika somo la Kiingereza. Anakuja nao, na kuitikia kwa pamoja kunauzima. Kulaumu lugha ya kwanza, kama uchanganuzi linganishi uliotokana na kazi ya Lado ya mwaka 1957 ulivyoelekea kufanya, hakutoshelezi hapa. Corder alikwisha kueleza mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anayoijenga. Na kanuni inayojengwa na zoezi hili ni kwamba “this” ni neno la kuanzia sentensi, lisilo na uhusiano na umbali.

4.0 Kupanga somo

Hatua ya kwanza ni kurudisha mahali darasani. Wanafunzi wawili huketi wakitazamana, mmoja akiwa na kikombe. Mwenye kikombe husema “This is a cup”; mwenzake husema “That is a cup.” Kikombe kinapokabidhiwa, maneno nayo hubadilishana wasemaji. Zoezi hili huweza kufanywa na darasa lenye wanafunzi wengi, kwa kuwa kila jozi huhitaji kitu kimoja tu, na mawe, vijiti na magunzi ya mahindi hayanunuliwi. Mwalimu aeleze waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba “hicho” na “kile” vyote viwili huwa “that”. Sentensi hiyo moja huokoa muda mwingi.

Kwa umbali wa kweli, uwanja wa shule unafaa kuliko chumba. Uwanda wa Dodoma uko wazi. Kutoka shule nyingi huonekana vilima, mibuyu na ng'ombe wakipita. “Those hills” husemwa mtoto akiwa ameelekeza mkono kwenye kitu ambacho hakika hakifikiki, na maana haihitaji tafsiri.

Mpangilio wa nomino nao una uzito. Ni vyema kuanza na kitabu, kiti na kikombe, ambavyo wingi wake huonekana kwenye nomino yenyewe katika lugha zote mbili, kisha kalamu na rula zifuate, mkazo ukiwekwa kwenye “-s”. Miti ije baada ya hapo, na maji na nywele zisubiri madarasa ya juu.

Matamshi ni kikwazo cha pekee. Kiswahili hakitofautishi “i” ya “this” na ile ya “these”, na mwalimu mwenyewe huweza kuyatamka sawasawa. Zoezi la kusikiliza neno pekee hapo halina faida. Inafaa maneno hayo yafundishwe yakiwa yameshikana na kitenzi, “this is” na “these are”, ili sikio lipate alama ya pili. Sauti ya mwanzo ni ile ya “dhahabu” na “fedha”, ingawa wasemaji wengi wa bara huitamka “z”.

Kufikia Darasa la VI na la VII kanuni ya umbali hulegezwa. Tuchukue kifungu kifupi: “The rains came late. Because of this, the farmers planted millet.” Kwa Kiswahili ingesemwa “kwa sababu hiyo”, yaani umbo la kati, ambalo huko nyuma lilifundishwa kuwa “that”, sasa linakuwa “this”. Katika maandishi hakuna msikilizaji aliyeshika kitu mkononi. Mwanafunzi akiulizwa “this” inarejelea nini, jibu la haraka ni “the rains”, kwa kuwa ndiyo nomino iliyotangulia. Jibu sahihi ni kuchelewa kwa mvua, jambo ambalo halikutajwa kwa nomino yoyote katika kifungu hicho, na ni swali la namna hii, si la kalamu iliyoinuliwa, linalomsubiri katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Jiografia cha sekondari.