Daktari akisema mwanao apandikizwe mfupa, uliza unatoka wapi

Msimu wa maembe ukifika, watoto wa Ujiji hushinda juu ya miti, na wapo wanaoanguka. Mifupa mingi ya watoto iliyovunjika huunga yenyewe ikinyooshwa na kufungwa vizuri. Kazi huwa ngumu mfupa ukitoboa ngozi, au usaha ukiingia ndani na kipande cha mfupa kikafa. Kipande hicho hutolewa, na pengo likiwa kubwa daktari huweza kushauri kupandikiza mfupa.

Hapo mzazi hushtuka: mfupa wa nani?

Mara nyingi ni wa mtoto mwenyewe. Vipande vidogo huchukuliwa kwenye ukingo wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa. Mwili haukikatai kilicho chake, ila mtoto hubaki na kidonda cha pili, na nyonga ya mtoto mdogo haina mfupa mwingi wa kutoa.

Ndipo hufikiriwa mfupa wa mchangiaji. Jambo hili si geni. Karibu mwaka 1880, daktari William Macewen wa Glasgow, Uskoti, alimjengea mtoto mfupa wa mkono ulioharibiwa na usaha, kwa vipande vilivyotolewa miguuni mwa watoto wengine waliokuwa wakinyooshwa matege. Siku hizi mfupa hutoka kwa marehemu, au kwa wagonjwa wanaowekewa nyonga bandia. Mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende, kisha mfupa hugandishwa kwenye baridi kali. Tofauti na figo, anayepokea hahitaji kumeza dawa maisha yake yote. Vipo pia vipandikizi vya mifupa ya wanyama na vya kutengenezwa.

Kabla ya kusaini fomu, uliza: kipandikizi ni cha nani au cha nini? Kimepimwaje? Usaha umekwisha? Kama una swali la imani, liulize hapo.

Yapo ambayo mzazi anaweza kuyazuia mapema. Usianzie kwa mganga wa kuunga mifupa: banzi lililokazwa sana huzuia damu, na mkono huweza kufa. Funika kidonda kwa kitambaa safi, tuliza kiungo kisichezecheze, umpeleke Hospitali ya Maweni. Mlio vijiji vya mwambao, anzeni kituo cha afya cha karibu badala ya kusubiri boti ya kesho.

Na mtoto mwenye homa anayekataa kutumia mguu au mkono, hata kama hakuanguka, apelekwe siku hiyohiyo.