Kiti cha Pweza: Kinatambaa au Anatambaa?

Aghalabu mwanafunzi akitakiwa kumtaja mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hukimbilia kubuni istilahi mpya. Haja hiyo haipo. Jina tunalo, nalo limo kamusini: kiti cha pweza. Linalotatiza ni upatanisho wake wa kisarufi. Je, kiti cha pweza kinatambaa au anatambaa?

Tumtazame mmoja wa jamii hiyo, Acanthaster planci, ambaye kwa sura yake tunaweza kumwita taji la miiba. Makao yake ni miamba ya matumbawe ya bahari za joto. Huweza kuwa na mikono hadi 21, kila ncha ina jicho dogo, na miiba yake ina sumu. Akitaka kula, hupanda juu ya tumbawe, akatoa tumbo lake nje kupitia kinywani, akaiyeyusha nyama ya windo papo hapo na kuifyonza. Akiondoka, huacha kiunzi cheupe cha chokaa. Mmoja aliyekomaa huweza kumaliza hadi mita 10 za mraba za matumbawe kwa mwaka. Katika Great Barrier Reef, Australia, matumbawe hai yalipungua kwa takriban nusu kati ya 1985 na 2012, na utafiti uliochapishwa 2012 ulimhusisha mnyama huyu na asilimia 42 ya hasara hiyo.

Mwindaji wa namna hii hawezi kuachwa katika KI-VI pamoja na vijiko. Kiboko na kipepeo wameanza kwa KI, lakini maana imewapeleka A-WA. Atakayepinga ataitaja "cha" iliyomo katikati ya jina. Hiyo, kwa maoni yangu, ni mali ya ndani ya neno ambatani. Nje yake tuseme "kiti cha pweza huyu anatambaa", "viti vya pweza hawa wanatambaa". Nakiri kwamba ugumu unabaki: katika "kiti cha pweza mkubwa", mkubwa ni nani, kiti au pweza?

Na matumbawe je? Nayo ni makoloni ya wanyama wadogo, ila hakuna asemaye "matumbawe wameliwa". Pengine ni kwa kuwa tumeyazoea kama mawe ya kujengea, yalivyo katika kuta za Lamu na Gedi. Hapo sithubutu kudai A-WA, nawaachia wanaisimu.