Ndizi, Mtama na Hamira: Utengenezaji wa Pombe na Mvinyo Nyumbani katika Nyanda za Buha

Anayetaka kujifunza kutengeneza pombe au mvinyo nyumbani mara nyingi huelekezwa kwenye vifaa vya kuagizwa kutoka ng'ambo, yaani kimea cha shayiri kilichokolezwa kikawa kizito kama asali, maua makavu ya hopsi na vipakiti vya hamira maalumu, ilhali katika kata ya Mabamba, wilayani Kibondo, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi, na vilevile katika wilaya ya Kasulu, malighafi inayomfaa zaidi anayeanza imo mgombani. Waha, wenyeji wa Buha, kama jirani zao Warundi ambao lugha yao hukaribiana sana na Kiha, wamekuwa wakikamua ndizi na kuzichachusha tangu zamani, na hatua wanazozifuata zinakubaliana kwa sehemu kubwa na yale ambayo maabara za Ulaya zilikuja kuyaeleza katika karne ya 19. Makala haya yanazifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, yakieleza kwa nini kila moja hufanyika, kisha yanaonyesha jinsi maji yaleyale ya ndizi yanavyoweza kuwa pombe ya siku mbili au mvinyo wa miezi mitatu.

Msingi wa kazi yote ni uchachukaji, yaani badiliko linaloletwa na hamira, ambayo ni jamii ya kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, wanapokula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za sukari ya glukosi hutoa takriban gramu 92 za kilevi na gramu 88 za hewa hiyo, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kukumbuka kwamba gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya matunda huzaa asilimia moja ya kilevi. Watengenezaji wa zamani hawakujua kwamba hamira ni kiumbe hai. Amri maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaja maji, shayiri na hopsi kuwa ndivyo vitu pekee vya kutengenezea bia, haikuitaja hamira. Ni Louis Pasteur wa Ufaransa aliyethibitisha kuanzia mwaka 1857 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafaulu kuikuza hamira ya aina moja isiyochanganyika na nyingine. Mzee wa Kibondo anayeacha masalia kidogo ya pombe ya jana ndani ya chombo ili yaanzishe pombe ya leo anafanya, bila darubini, jambo ambalo Hansen alilifanya kwa darubini, ingawa lazima ikubaliwe kwamba mbinu ya mzee huhamisha pia vijidudu visivyotakiwa.

Si kila ndizi inayofaa. Ndizi za pombe za nyanda za juu huwa na tanini nyingi, yaani kemikali inayokausha ulimi na kuufanya uhisi ukakasi, na kwa sababu hiyo hazipendezi kuliwa zikiwa zimepikwa. Lakini ukakasi huohuo huipa pombe ladha iliyokomaa badala ya utamu mtupu. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini bado mbichi, na ndizi zake huivishwa ama kwa kutundikwa juu ya meko, ama kwa kufukiwa katika shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa joto kwa moto kabla ya kufunikwa kwa udongo. Shimo hilo lina kazi mbili. Kwanza hutunza joto, na pili huzuia hewa ya ethilini, ambayo matunda huitoa yanapoiva na ambayo huyaharakisha mengine kuiva, isitawanyike, kiasi kwamba baada ya siku chache mikungu yote huwa imeiva kwa pamoja. Katika muda huo wanga uliojaa ndani ya ndizi mbichi hugeuka kuwa sukari, na ndizi iliyoiva vizuri huwa na sukari inayokaribia sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndizi haikamuliki kama chungwa. Ukiiponda peke yake hupatikana uji mzito usiotoa maji, kutokana na pektini, dutu inayoshikamanisha seli za tunda na kuyazuia maji yaliyomo. Ufumbuzi wa Buha, Burundi, Rwanda na Kagera ni mmoja: ndizi zilizomenywa huwekwa katika mtumbwi wa mti, zikachanganywa na nyasi kavu zenye makali, kisha zikakandwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu hadi maji yaanze kujitenga yakiwa maangavu, huku nyasi zikiushika uji na kuyaachia maji yapite. Kiasi cha kuiva ni jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko nguvu za mikono, kwani ndizi ambayo haijaiva haitoi kitu, na iliyopitiliza hugeuka rojo ambalo hata nyasi haziwezi kulichuja. Anayetengeneza kiasi kidogo jikoni anaweza kutumia beseni safi na majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, akakamua kwa kitambaa, na akapata lita chache za kutosha kujifunzia.

Maji hayo yakinywewa papo hapo ni kinywaji kitamu kisicholevya, ambacho Warundi hukiita umutobe na ambacho watoto hukifurahia kuliko mtu mwingine yeyote. Ili kupata pombe, huongezwa maji safi, mara nyingi kwa kadiri ya ladha na idadi ya wageni wanaotarajiwa, kisha hunyunyizwa unga wa mtama uliokaangwa. Wengi hudhani kwamba mtama huo ndio unaoongeza kilevi, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: mbegu zilizokaangwa hazina tena uwezo wa kugeuza wanga kuwa sukari, hivyo unga huo huilisha hamira protini na madini ambayo maji ya ndizi hayana ya kutosha, na pia hutia rangi na harufu ya kukaangwa. Chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa mahali penye vuguvugu, povu likapanda, na baada ya siku moja hadi tatu pombe huwa tayari.

Hapa ndipo hesabu ya gramu 17 inapokuwa na manufaa. Maji ya ndizi yasiyochanganywa, yenye gramu 200 za sukari katika kila lita, yana uwezo wa kutoa kilevi cha asilimia 11 au 12, ambacho ni kiwango cha mvinyo; yakichanganywa na maji nusu kwa nusu hubaki na uwezo wa asilimia 5 au 6, ambacho ni kiwango cha bia. Lakini nguvu peke yake haitofautishi pombe na mvinyo. Pombe ya kienyeji hunywewa ikiwa bado inachachuka, na ikikaa siku nne au tano huwa chachu na kali puani, kwa sababu chombo chake kiko wazi na bakteria wa siki, ambao hawawezi kuishi bila oksijeni, hugeuza kilevi kuwa siki. Mvinyo ni kinywaji kilichokingwa na hewa hadi hamira ikamaliza kazi na masimbi yakatulia. Kwa maneno mengine, mtengenezaji wa Mabamba anayekosa mvinyo hakosi zabibu. Anakosa chombo chenye mfuniko.

Anayetaka kujaribu mvinyo wa ndizi aanze na lita 10 za maji ya ndizi yasiyoongezwa maji, ayapashe joto kwa robo saa bila kuyaacha yachemke sana, ili kuua vijidudu vya mwituni, kisha ayaache yapoe kabisa. Maji ya ndimu tatu au nne huongeza uchachu, ambao huisaidia hamira na kuwadhoofisha bakteria. Hamira ya mvinyo ikipatikana ni bora, kwa kuwa huvumilia kilevi kingi na hutulia vizuri chini, lakini hamira ya mikate ya dukani, kijiko kimoja cha chai kilichokorogwa katika maji ya vuguvugu, inatosha kwa mwanzo. Mchanganyiko huingizwa katika dumu safi la lita 20 la kuhifadhia chakula, ili nafasi ibaki kwa ajili ya povu, na kifuniko chake hutobolewa ili upitishwe mpira mwembamba ambao ncha yake ya nje imezamishwa katika chupa ya maji. Hewa ya kaboni hutoka kwa mapovu, na hewa ya nje haipati njia ya kuingia. Hali ya hewa ya nyanda za Buha, ambako sehemu kubwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, inaufaa sana mvinyo, kwani hamira inayofanya kazi kwenye joto la pwani huzaa harufu kali ambazo wanywaji hulalamika kwamba zinawaumiza kichwa.

Mapovu yakipungua, baada ya wiki mbili au tatu, mvinyo huhamishwa kwa mpira kuingia chombo kingine kilichojazwa karibu hadi mdomoni, masimbi yakaachwa chini. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa mwangavu na kuweza kutiwa chupani. Kufunga chupa kabla uchachukaji haujakwisha ni hatari, kwa maana hewa inayoendelea kuzalishwa inaweza kuipasua chupa ya kioo na kumjeruhi mtu. Kwamba mvinyo wa ndizi unaweza kuwa bidhaa ya heshima si jambo la kubahatisha: kampuni ya Banana Investments ya Arusha imekuwa ikiuuza kwa chupa kwa miaka mingi.

Chombo chenyewe kinahitaji kufikiriwa. Pombe ina asidi, na asidi humumunya metali. Kusini mwa Afrika madaktari wamekuwa wakieleza tangu miaka ya 1920 juu ya watu walioharibika ini kwa kulimbikiza chuma mwilini, kilichotokana na pombe iliyotengenezwa katika mapipa ya chuma. Plastiki ya chakula, kioo, mti na chungu cha udongo havina tatizo hilo, lakini dumu lililowahi kubeba dawa ya mashamba halisafishiki, hata lioshwe mara ngapi. Unga nao usipuuzwe. Mwezi wa Januari 2015, katika eneo la Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Nafaka iliyooza, iliyoota ukungu au iliyolowa na mafuriko ni ya kutupwa.

Mgomba wenyewe una adui. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ulioingia Kagera mwaka 2006, hushambulia ndizi za pombe kwa urahisi, kwa kuwa wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Mkulima anayeondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na anayepitisha kisu motoni kabla ya kuhamia shina jingine, analinda shamba na pombe kwa pamoja.

Mwisho ni sheria. Kuchachusha na kunereka ni mambo mawili tofauti: kunereka, yaani kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake ili kupata gongo, kunasimamiwa na sheria ya mwaka 1966 na ni kosa kwa asiye na leseni, na anayeanza hana sababu yoyote ya kujaribu kunereka. Uuzaji wa pombe ya kienyeji nao unahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na halmashauri zina taratibu zake kuhusu saa na mahali pa kuuzia. Kwa hiyo, anayekusudia kuipeleka kazi yake nje ya ua wa nyumba yake apite kwanza katika ofisi ya mtendaji wa kata, aulize taratibu zilizopo, ndipo anunue dumu la pili.