Riwaya Pendwa na Mizani Yake (2): Ahadi ya Fumbo

Juma lililopita tuliona kwamba njia kuu inayoifikisha riwaya ya Kiswahili kwa msomaji ni shule. Anayeingia dukani Dar es Salaam au Nairobi hukutana kwanza na rafu ya vitabu vya mtihani. Tanzania atawekewa mbele Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu; Kenya ilikuwa Kidagaa Kimemwozea, ikaja Chozi la Heri, ikafuata Nguu za Jadi. Si vitabu vibaya hata kidogo. Ila kazi ya kumchagulia msomaji tumewaachia watunga mitaala, na hao hawana haja na riwaya ya upelelezi, ya majini au ya mapenzi iliyotoka mwaka huu. Matokeo yake ni kwamba riwaya pendwa mpya hutoka, husomwa na wachache waliobahatika kuisikia, kisha hupotea bila mtu kusema hadharani kama ilikuwa nzuri au mbovu. Nitajenga hoja moja leo: riwaya za namna hii zina mizani yake, nayo ni ahadi ambayo kila aina humpa msomaji tangu kurasa za mwanzo. Anayetaka kupendekeza mpya aishike mizani hiyo, aache ile ya kusaka mafunzo.

Ahadi yenyewe ni ipi? Riwaya ya upelelezi humwahidi msomaji kwamba fumbo litafumbuliwa, tena kwa akili, na kwa dalili ambazo yeye mwenyewe alizipitia machoni bila kuzitambua. Riwaya ya mambo ya ajabu humwahidi ulimwengu wenye sheria zake, na kwamba mwandishi hatazivunja sheria hizo dakika ya mwisho ili kumnasua shujaa aliyekwama. Riwaya ya mapenzi huahidi kikwazo cha kweli kati ya wawili, kikwazo kisichoweza kuondoka kwa mazungumzo ya dakika tano. Wako waliojaribu kuyaandika haya kama kanuni. Ronald Knox, kasisi wa Kiingereza aliyetunga pia hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi mwaka 1929. Mojawapo inakataza kabisa nguvu za mizimu na miujiza kutumika kufumbua jinai, na nyingine inamtaka mpelelezi asifiche dalili aliyoigundua. Amri zake nyingine ni za mzaha, hazina maana ya kutusumbua hapa. Lakini hizo mbili ndizo roho ya utanzu, na sisi tulikuwa na mtu aliyezielewa vizuri kuliko wengi.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, na wanakijiji wengi hawaoni fumbo lolote: aliyeua ni mzimu, basi. Mpelelezi wa Abdulla, Bwana Msa, anakuja na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, na anakataa jibu hilo. Tazama ustadi uliopo. Amri ya kukataza mizimu, ambayo kwa Mwingereza ni kanuni ya mchezo tu, kwa Abdulla imekuwa ndiyo kisa chenyewe. Mzozo wa kitabu ni kati ya wanaoridhika na maelezo ya mizimu na yule anayetaka kujua mkono wa mtu uliofanya kazi ulikuwa wa nani. Mwaka 1968 alirudia jambo hilo kwa namna nyingine katika Kisima cha Giningi, akitumia jina la Giningi linalobeba hofu yote ya uchawi wa Visiwani. Kisha zikafuata Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na nyinginezo, na katika nyingi kati ya hizo ufunguo hauko kwenye nyayo za viatu wala majivu ya sigara. Uko kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani alioa wapi kwa siri, nani ana haki ya urithi gani.

Hapo linajibiwa pingamizi la kwanza, la kwamba upelelezi ni uigaji wa Wazungu. Ni kweli Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes. Kiko na rafiki mshangaaji vinamsaliti. Lakini Holmes naye ana damu ya Dupin, mpelelezi wa Mmarekani Edgar Allan Poe aliyetokea mwaka 1841, na hakuna anayemdharau Arthur Conan Doyle kwa sababu hiyo. (Doyle mwenyewe, aliyemuumba mpelelezi asiyeamini ila ushahidi, uzeeni alishika imani ya kuzungumza na roho za wafu. Abdulla alikuwa mwaminifu zaidi kwa utanzu wake.) Umbo la hadithi huazimwa kama shairi la bahari fulani linavyoazimwa, kinachopimwa ni kilichojazwa ndani. Riwaya mpya ya upelelezi inayotokea Mbezi au Kisauni tuiulize hivi: je, fumbo lake lingeweza kuhamishiwa London bila kubadilisha chochote ila majina ya barabara? Kama lingeweza, mwandishi ameiga. Kama haliwezi, kwa kuwa limefungwa kwenye ardhi ya ukoo, mirathi, mkopo wa kikundi au hati ya kiwanja iliyouzwa mara mbili, basi ametunga.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Husemwa kwamba riwaya hizi ni damu, pombe na mapaja, na kijana anayezisoma anaharibika. Wanaosema hivyo huwa na mawazo yao kwa wapelelezi wa miaka ya 1970 na 1980: Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hawakosei kabisa. Wanawake katika riwaya za Willy Gamba mara nyingi ni pambo au mtego, na mtu anayezipendekeza leo bila kulisema hilo hamtendei haki msomaji. Lakini hebu tuangalie mashujaa hao walikuwa wakipigana na nani. Kufa na Kupona ya mwaka 1974 inahusu siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963. Joram Kiango katika Tutarudi na Roho Zetu? anakabiliana na makaburu. Wakati wasomi wakijadili ukombozi wa Kusini mwa Afrika kwenye semina, kondakta wa basi na karani wa bandari walikuwa wakiusoma kwa pumzi moja, kwa fedha zao wenyewe, bila mtihani wowote. Waandishi hao wawili hata hawakuwategemea wachapishaji wakubwa pekee: Mtobwa alianzisha kampuni ya Heko, Musiba naye akajichapishia baadhi ya vitabu vyake. Riwaya pendwa ya Kiswahili ililipwa na wasomaji wake. Usomaji wa namna hiyo haudharauliki, na hakuna mtaala uliowahi kuuleta kwa amri.

Kwa upande wa mambo ya ajabu, hali ni ya kushangaza zaidi. Tunaambiwa kwamba fantasia si yetu, au kwamba ni kurudisha watu kwenye ushirikina. Ajabu, kwa maana nathari ya Kiswahili ilizaliwa humo humo. Mkusanyo wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870 una paa anayesema na nunda mla watu. Na yule nunda hakufa, kwa sababu zaidi ya miaka mia baadaye Mtobwa alimtia katika jina la riwaya ya upelelezi, Mikononi mwa Nunda. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi inayoelea hewani, na Adili na Nduguze yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Baadaye Kezilahabi alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), Mkufya akatoa Ziraili na Zirani (1999) yenye vita vya mbinguni na kuzimu, Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka (2001), Wamitila akafuata na Bina-Adamu! (2002). Wahakiki walizipokea kwa mikono miwili, wakazungumzia uhalisia ajabu na falsafa ya kuwapo. Na walikuwa sahihi.

Lakini babu yuleyule aliyekufa na kurudi, akitokea katika hadithi ya kusisimua iliyoandikwa na kijana wa Tabora asiye na shahada, huitwa upuuzi wa majini. Kipimo ni kimoja au ni viwili? Mimi naona ni viwili, na tofauti yake haiko kwenye maandishi. Iko kwenye heshima ya aliyeandika. Mpendekezaji mwadilifu angeuliza swali lilelile kwa wote: je, sheria za mzuka huyu zinajulikana, na zinafuatwa? Katika Babu Alipofufuka mzuka anarudi kwa sababu maalumu, kumwonyesha mjukuu wake kiongozi uozo ambao hataki kuuona, na kila anachofanya kinatokana na sababu hiyo. Hadithi nyingi za majini zinazozunguka kwenye simu hushindwa hapa hasa. Jini la sura ya tatu haliwezi kupita penye kisomo, la sura ya kumi linapita. Hilo ndilo kosa la kulaumiwa, si kuwepo kwa jini.

Nimezitaja simu, na bila shaka huko ndiko riwaya pendwa nyingi mpya zinakosomwa sasa. Zamani hadithi za mfululizo zilikuwa mali ya magazeti ya udaku. Leo sura moja hutolewa bure kwenye mtandao, ya pili hulipiwa kwa pesa za simu. Wapo wanaoona njia hiyo peke yake yatosha kuikataa kazi. Sikubaliani nao. The Hound of the Baskervilles ya Doyle, ambayo nayo ni kisa cha mzuka unaofumbuliwa kwa akili, ilitoka kwa vipande katika jarida la The Strand kuanzia 1901. Kukata hadithi vipande hakujawahi kuharibu fumbo. Kinachoharibu ni mwandishi anayeanza kuuza sura kabla hajajua muuaji ni nani, akasoma maoni ya wasomaji, akaona wamemgundua, akambadilisha. Dalili zote alizotupa nyuma zinabaki yatima. Msomaji makini hulijua hilo mara moja akirudi kusoma tangu mwanzo, na ndiyo maana namshauri mpendekezaji asome riwaya ya fumbo mara mbili kabla ya kuisifu. Inayostahimili kusomwa mara ya pili, huku jibu likijulikana, imetungwa. Isiyostahimili iliparazwa tu.

Dalili njema zipo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati Cornell na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, ilianza kwa kumpa Anna Samwel Manyanza ushindi wa riwaya kwa Penzi la Damu. Mwaka 2021 ushindi huo ulikwenda kwa Halfani Sudy na Kirusi Kipya, mwandishi anayefahamika zaidi kwa hadithi za kijasusi na upelelezi. Hussein Tuwa, kwa Mkimbizi na Mdunguaji, amethibitisha kwamba taharuki ya Kiswahili inaweza kuhaririwa kwa uangalifu na bado ikamfanya msomaji akeshe. Anayempenda Bwana Msa aanzie kwa Tuwa kuliko kwa waigaji wa Willy Gamba. Anayetaka mwendo wa Musiba ajaribu Kirusi Kipya. Tuzo, hata hivyo, hutoa jina moja au mawili kwa mwaka. Haziwezi kufanya kazi ya gazeti, redio na mwalimu wa maktaba.

Limebaki pingamizi la walimu, kwamba kitabu kisicho na funzo ni kupoteza wakati wa mtoto. Nalijibu kwa ufupi. Mwanafunzi anayefuatilia dalili kurasa mia mbili, akashuku, akajisahihisha, akakataa jibu la mzimu kwa kuwa ushahidi hautoshi, amefundishwa jambo ambalo orodha ya dhamira katika kijitabu cha tahakiki haimpi. Asiwekewe swali la mtihani juu yake. Apewe kitabu tu, na asiambiwe mwisho wake.

Juma lijalo tutazigeukia riwaya za mapenzi, ambazo ndizo zinazosomwa mno na kuzungumziwa kidogo mno. Kabla ya hapo nina ombi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mwenye riwaya ya fumbo au ya majini iliyochapishwa katika miaka hii mitano, iwe kitabu au ya simu, alete kwa mhariri jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji, pamoja na sentensi mbili: moja ieleze kinachoahidiwa na sura ya kwanza, ya pili iseme kama ahadi hiyo ilitimizwa. Jina la muuaji asilitaje.